Dhamana ya Fundi wa Ndege za Vita

Ziko kazi ambazo sifa yake ni kuonekana, na ziko kazi ambazo sifa yake ni kutoonekana. Mwimbaji asiyesikiwa na mtu ni kana kwamba hakuimba. Lakini mlinzi aliyelinda vema usiku kucha hana la kusimulia asubuhi: mlango u mahali pake, mali i salama, na mwenye mali huamka akidhani kuwa usalama ni kitu kijiletacho chenyewe. Kazi za namna hii ya pili ni nyingi kuliko zile za kwanza, nazo ndizo ziibebazo dunia. Walakini wasemao habari za maadili huzitaja kwa uchache, kwa kuwa ni vigumu kulisifu jambo ambalo uzuri wake wote ni kwamba hapana baya lililotokea.

Katika kazi hizo naichagua moja, kazi ya fundi wa ndege za jeshi, nami nitaitazama mahali ilipozaliwa, yaani Marekani. Simwelezi mtu mmoja mwenye jina lake. Naeleza maisha ya jamii nzima ya watu: kijana aliyeandikishwa jeshini akiwa na miaka 18 au 19, akafunzwa injini na mabawa, akaoa angali na cheo kidogo, akalea watoto katika nyumba za kambi, akahamishwa mara kwa mara, kisha akastaafu baada ya miaka 20 au zaidi, mikono yake ina makovu na masikio yake yamepungua kusikia. Mtu huyu hakurusha ndege wala hakutoa amri ya vita. Katika umri wake alitia sahihi zake kuu mahali patatu: katika daftari la ndege, katika mkataba wa utumishi, na katika cheti cha ndoa. Kila sahihi ni dhamana. Swali la insha hii ni hili: mtu huyu ni mdhamini wa nini, na atajibu mbele ya nani?

Ufundi huu umri wake ni sawa na umri wa kuruka kwenyewe. Wilbur na Orville Wright walipotafuta injini nyepesi ya ndege yao hawakupata kiwanda cha kuwapatia waliyoitaka. Fundi wa duka lao la baiskeli mjini Dayton, Charles Taylor, aliiunda injini hiyo kwa muda wa wiki sita hivi, nayo ilikuwa na nguvu za farasi wapatao 12. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege iliruka, na dunia ikayashika majina mawili. Jina la tatu likabaki karakana. Mwaka 1908 ndege yao ilipelekwa Fort Myer, Virginia, ijaribiwe na jeshi la nchi yao. Tarehe 17 Septemba rafadha moja ilipasuka angani, ndege ikaanguka, Orville akaumia vibaya, na Luteni Thomas Selfridge, aliyekuwa abiria wake, akafa. Huyo ndiye mtu wa kwanza kufa katika ajali ya ndege yenye injini, na Taylor alikuwapo uwanjani siku ile. Basi jeshi lilikuwa halijainunua ndege hata moja ya ndugu hao, na tayari lilikuwa limekwisha kumzika askari kwa ajili yake. Tangu siku ile kila fundi wa ndege za jeshi amefanya kazi akijua kwamba nafasi iliyopo kati ya spana yake na kaburi la mwingine ni ndogo.

Na tuitazame sahihi ya kwanza. Kila ndege ya jeshi la anga la Marekani ina daftari lake, ambamo kasoro zake zote huandikwa. Kasoro isiyozuia kuruka huwekewa mshazari mwekundu. Ukaguzi uliopitwa na wakati wake huwekewa mstari mwekundu wa kulala. Lakini kasoro ya hatari huwekewa mistari miwili mekundu iliyokatana, mfano wa herufi X, na tangu hapo ndege ile hukaa chini. Alama hiyo haifutwi kwa sababu mtu mkubwa ana haraka. Huondolewa na mtu aliyepewa idhini ya kuiondoa, baada ya kuikagua kazi iliyofanywa, naye huandika jina lake mahali pa kujibia.

Fikiri, msomaji, maana ya sahihi hiyo. Sahihi ya mfanyabiashara husema, nitalipa. Sahihi ya mwandishi husema, haya ni maneno yangu. Sahihi ya fundi husema, nimetazama. Ni neno fupi, lakini juu ya neno hilo mtu mwingine huketi na kuinuliwa maelfu ya futi kutoka ardhini. Rubani huizunguka ndege kabla ya kupanda, akashika hapa na kutazama pale. Hata hivyo hawezi kuona ndani ya injini, wala hawezi kujua kama nati iliyo nyuma ya ubao imekazwa au imeshikizwa tu. Kwa asiyoyaona humwamini aliyeyaona. Watu wa pwani yetu watalifahamu jambo hili upesi. Nahodha ndiye ajulikanaye bandarini, lakini aliyetia kalafati katika nyufa za mbao ndiye ambaye bahari itakuwa ya kwanza kuipima kazi yake.

Mafundi hao wana usemi wao kwamba ndege ni mali yao, na rubani huiazima tu kwa sharti la kuirudisha. Ni mzaha, lakini mzaha wenye hoja. Kitu ni cha nani: cha aliyekilipia, cha akitumiaye, au cha akitunzaye? Jeshi lenyewe limekiri kwa kiasi fulani haki ya huyu wa tatu, kwa kuwa jina la fundi mkuu huandikwa ubavuni mwa ndege kama liandikwavyo jina la rubani. Na dhamana hiyo ina urefu wa ajabu. Ndege za B-52 za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 1962, na baadhi yake zingali zikiruka. Kijana anayezitengeneza leo hupokea kazi ya watu waliotia sahihi zao kabla baba yake hajazaliwa, naye ataiacha kwa watu asioweza kuwajua. Huwaamini waliopita bila ya kuwaona, ili naye aaminiwe na wajao.

Kipimo cha uaminifu huo hakimo katika sherehe za gwaride. Kimo katika jambo dogo kama bisibisi iliyopotea. Kila chombo cha fundi huhesabiwa kabla ya kazi na baada ya kazi, na mara nyingi kila kimoja kina nafasi iliyochongwa kwa umbo lake, hata kikikosekana nafasi ile hubaki wazi ikimshitaki mwenyewe. Sasa mchukulie fundi aliye peke yake saa tisa ya usiku, katika baridi, akiona kwamba bisibisi moja haipo. Hapana aliyemwona. Akisema, ndege alizozigusa zitasimamishwa na kufunguliwa, wenzake watakosa usingizi, mkubwa wake atakasirika, na jina lake litatajwa kwa ubaya asubuhi. Akinyamaza, yamkini hapana litakalotokea, kwa kuwa bisibisi huenda imeanguka nyasini. Lakini huenda pia iko karibu na nyaya za usukani.

Hapo ndipo falsafa huingia katika banda la ndege bila ya kupiga hodi. Hoja ya kunyamaza ina nguvu kwa sababu mara nyingi ni kweli: aghalabu hapana litokealo. Uovu mwingi duniani haukufanywa na watu waliotaka mabaya, bali na watu waliohesabu kwamba mabaya yako mbali. Ushujaa unaohitajika hapa si ule wa kukabili risasi. Ni ushujaa wa kukubali aibu, na wako watu wengi walio tayari kufa kuliko kuaibika. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi wa ndege hana hata faraja ya methali hiyo, kwa sababu huko angani hapana ukuta wa kujenga tena. Kwa hiyo namwona mtu ambaye huinuka na kusema, bisibisi yangu imepotea, kuwa amefanya tendo kamili la wema, japo halina mshairi. Kadhalika namwona mkubwa ampigaye kelele mtu huyo kuwa ameanza kuwafundisha wengine kunyamaza.

Walakini dhamana ikiwa nzito kiasi hiki, haina budi kugawanywa kwa haki. Tarehe 30 Mei 1995 ndege ya vita ya namna ya F-15 ilianguka ilipokuwa ikiruka kutoka kambi ya Spangdahlem, Ujerumani, na rubani wake, mtu wa cheo cha meja, akafa. Ilionekana kwamba fito za kuongozea ndege zilikuwa zimeunganishwa kinyume, kila moja mahali pa mwenzake. Mafundi wawili wa cheo cha sajini walishitakiwa katika mahakama ya kijeshi. Mwezi wa Oktoba 1996, kesi ilipokuwa mlangoni, mmoja wao alijitoa uhai. Lakini kosa la namna ile lilikuwa limekwisha kutokea zamani katika ndege nyingine za F-15, kwa kuwa fito zenyewe ziliundwa hivi kwamba zaweza kuingia mahali zisipopaswa kuingia.

Hapa pana misiba miwili, na mmoja usitumiwe kuufuta mwingine. Jamaa za rubani walikuwa na haki ya kuuliza ni mkono wa nani uliounganisha fito zile, na jibu la swali hilo lilikuwapo. Hapana heshima yoyote kwa fundi katika kusema kwamba mkono wake haukuwa mkono. Lakini yuko pia aliyezichora fito, na wako waliosikia habari za makosa ya kwanza wakaacha mambo yaendelee kama yalivyokuwa. Hao nao walitia sahihi, ijapokuwa kwa wino usioonekana. Sheria husoma sahihi zilizo karatasini; maadili hayana budi kusoma hata zile zisizoandikwa. Lawama ni kama maji, hupenda kuteremka, nayo hutuama kwa mtu wa chini ambaye jina lake li wazi daftarini. Basi uadilifu wa fundi, ambao ni kuandika jina lake waziwazi, usigeuzwe kuwa mtego wa kumnasa yeye peke yake. Taasisi itakayo watu wakiri makosa yao sharti nayo iwe na mahali pa kukiri yake.

Mpaka hapa tumesema habari za rubani. Lakini ndege ya vita haikuundwa ili imrudishe rubani kwao tu. Iliundwa iende mahali ikafanye jambo kwa watu wengine. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 ndege zaidi ya 300 za B-29 ziliruka kutoka visiwa vya Guam, Saipan na Tinian, zikaenda kuuchoma mji wa Tokyo kwa mabomu ya moto. Waliokufa hukadiriwa kuwa watu wapatao 100,000, wengi wao raia. Injini za B-29 zilikuwa na sifa mbaya ya kupata moto kupita kiasi na hata kuwaka, na mafundi wa visiwani walitoa jasho katika jua na mvua ili zisiwake safarini. Walijitahidi moto usishike injini. Na kwa kuwa walifaulu, moto mwingine uliushika mji. Laiti wangalikuwa wazembe, yamkini wangaliokoka watu wengi wa Tokyo, na wangalikufa vijana wengi wa kwao ambao walikula nao meza moja.

Mfano wa pili u karibu na wa kwanza kwa miaka, lakini u mbali nao kwa maana. Mwezi wa Juni 1948 Wasovieti walizifunga barabara, reli na njia za maji za kwenda Berlin Magharibi. Tangu tarehe 26 Juni 1948 hata mwisho wa Septemba 1949 ndege za Marekani na Uingereza zilipeleka mjini humo tani zipatazo milioni 2.3 za makaa ya mawe, unga, na mahitaji mengine. Ndege zilichakaa upesi na mafundi hawakutosha. Meja Jenerali William Tunner, aliyesimamia kazi hiyo, akaajiri mafundi wa Kijerumani waliokuwa wametumikia jeshi la anga la Hitler, na vitabu vya ufundi vikatafsiriwa kwa lugha yao. Mikono iliyokuwa ikitengeneza ndege za Hitler mwaka 1944 sasa ilitengeneza ndege za waliomshinda. Na mji uliolishwa ulikuwa ni ule ule ambao ndege za washindi walikuwa wameubomoa.

Twajifunza nini? Kwanza, kwamba uzuri wa kazi na wema wa kusudi ni vitu viwili. Bolti iliyokazwa kwa ajili ya unga hukazwa kwa nguvu ile ile ya bolti iliyokazwa kwa ajili ya bomu, na spana haijui tofauti. Hata ndege yenyewe haijui: mwishoni mwa Agosti 1945 B-29 zilianza kuangusha chakula na dawa katika kambi za wafungwa wa vita, miezi michache tu baada ya kuangusha moto. Kwa hiyo fundi hawezi kusema kwamba, madhali kazi yangu ilikuwa safi, yaliyotendwa kwayo yalikuwa safi. Mjinga ndiye asemaye, mimi nilikaza bolti tu. Bila ya bolti hiyo safari haikuwapo.

Pili, haitupasi kukimbilia upande wa pili na kusema kwamba kila aliyeigusa ndege ya vita ana damu sawa na aliyetoa amri. Hukumu inayowalinganisha jenerali na mtu aliyejaza mafuta si hukumu. Ni uvivu wa kufikiri uliovaa joho la hakimu. Mwenye kusema wote wana hatia sawa amemwachilia aliyeamua, kwa kumficha katika kundi. Sehemu ya mtu katika tendo la wengi hupimwa kwa mambo matatu: alijua nini, alikuwa na uwezo gani wa kukataa, na alifanya nini na sauti yake alipopata nafasi ya kusema. Kwa kipimo hicho sehemu ya fundi ni ndogo kuliko ya mkubwa wake, lakini ndogo si sawa na hapana.

Sasa yafaa tuulize: fundi huidhinisha wapi matumizi ya ndege? Si katika daftari. Aliyepewa ndege ya kutengeneza akailegeza kwa siri kwa sababu haipendi vita, huyo hakuipinga serikali. Amemwua mwenzake aliyemwamini. Daftari ni mahali pa kusema kweli juu ya ndege, wala si mahali pa kupiga kura. Fundi huidhinisha matumizi katika sahihi ya pili, yaani mkataba. Askari wa Marekani wa cheo chake huandikishwa kwa muda, kwa kawaida miaka minne au sita, kisha huulizwa kama atajiandikisha tena. Mtu aliyetumikia miaka 20 amekwisha kuulizwa mara kadhaa, naye kila mara alijibu ndiyo. Hapo ndipo mahali pake pa kuuliza: nchi yangu inavitumiaje vitu ninavyovifanya vizima? Na jibu lake lapaswa kuwa jipya kila mara, kwa sababu vita vya mwaka huu si vile alivyoviapia ujanani.

Lakini swali hilo haliulizwi katika hewa tupu. Huulizwa mezani, usiku, watoto wamelala. Kwa kanuni zilizofuatwa katika miaka ya 1950 na 1960, askari aliyetimiza miaka 20 alistaafu kwa nusu ya mshahara wake wa msingi. Aliyeondoka kwa hiari katika mwaka wa 15 hakuipata pensheni hiyo. Iko nyumba, iko hospitali ya kambi, iko karo ya shule itakayokuja. Basi sahihi ya pili hutiwa kwa sababu ya sahihi ya tatu, ile ya ndoa. Mtu husema, najiandikisha tena kwa ajili ya watoto. Siidharau sababu hii. Wengi wetu hatuna sababu bora zaidi ya hiyo kwa kazi zetu. Lakini yataka kuangaliwa, kwa kuwa mapenzi ya nyumbani ndiyo pazia jepesi kuliko yote la kuifunikia dhamiri. Watoto hawakuomba kufanywa udhuru. Siku moja watakua, watasoma tarehe, nao watauliza. Na baba mwema ni yule aliyekwisha kujiuliza kabla yao.

Na hii sahihi ya tatu yenyewe yasemaje? Hapa lazima tuseme jambo ambalo sifa za mashujaa hulipita. Fundi huhamishwa baada ya miaka michache, mara nyingine kuvuka bahari. Hutumwa miezi kwa miezi mahali ambako jamaa hawaendi. Hufanya zamu za usiku. Katika muda huo wote yuko mtu mwingine anayefungasha na kufungua masanduku, anayewaingiza watoto shule ya nne au ya tano, anayeziba bomba livujalo, na anayeketi na mtoto mwenye homa. Mara nyingi mtu huyo ni mkewe, na siku hizi, kwa kuwa wanawake nao ni mafundi jeshini, huweza kuwa mumewe. Fundi ndiye aishikaye ndege isianguke. Lakini ni nani amshikaye fundi? Huyo ndiye fundi wa fundi, na ubavu wa ndege haukuandikwa jina lake.

Hapa hoja yetu inamrudia mwenyewe. Tumelalamika kwa niaba ya fundi kwamba rubani husifiwa na yeye husahauliwa. Haki hiyo ni kweli. Lakini aidaiye kwa rubani hawezi kuinyima nyumbani kwake. Kama kazi isiyoonekana ina heshima katika banda la ndege, ina heshima ile ile jikoni. Mtu ajuaye namba ya kila bolti, asijue jina la mwalimu wa mwanawe, ameweka dhamana moja na kuivunja nyingine. Nyumba haina daftari lenye alama nyekundu. Ufa wa ndoa hauandikwi na mkaguzi, na mtoto mwenye huzuni husema hajambo. Yataka macho yale yale yaliyofunzwa kuuona mwatuko mdogo katika bati, lakini bila ya ile tochi ya ukaguzi.

Maana mtoto si ndege. Desturi za ufundi huweza kumfaa mzazi: kufika kwa wakati, kutosema uongo kwa mambo madogo, kukiri kosa kabla halijatafutwa. Mtoto aliyemwona baba yake akirudi kazini usiku kwa sababu hana hakika na nati moja amesoma somo lisilo katika kitabu chochote. Lakini ndege ikiharibika, iko kurasa isemayo ni kitu gani kibadilishwe. Mtoto hana kurasa hiyo, wala hana kipande cha akiba. Ndege huruka ili irudi ikaguliwe tena. Mtoto hulelewa ili aende zake, na aendako baba hana sahihi. Mzazi aliyezoea kudhamini kila kitu sharti ajifunze, katika uzee, dhamana ya namna nyingine: kuwa tayari kupendwa na kitu asichoweza tena kukitengeneza.

Tukiyakusanya haya, twaweza kuyahukumu maisha ya mtu huyu bila ya kumpamba na bila ya kumdharau. Hakuwa mwema kwa sababu tu alikuwa mnyenyekevu, kwani unyenyekevu huweza kuwa woga. Hakuwa mwema kwa sababu tu alivaa nguo za jeshi, wala hakuwa mwovu kwa sababu hiyo. Alikuwa mwema kwa kadiri sahihi zake tatu zilivyokuwa za kweli: kwamba alipoandika nimetazama, alikuwa ametazama, kwamba alipojiandikisha tena, alijua alichokiidhinisha na hakujificha nyuma ya spana, na kwamba alipoahidi nyumbani, alimwona yule asiyeonekana aliyemwezesha yeye kusimama. Ya kwanza ni ngumu, na wengi waliiweza. Ya pili ni ngumu zaidi, na wachache waliifikiri. Ya tatu hudhaniwa kuwa nyepesi, na ndiyo waliyoshindwa wengi.

Somo hili halikuwekwa kwa ajili ya Wamarekani wala kwa ajili ya wanajeshi peke yao. Sisi wasomi twaishi juu ya sahihi za watu tusiowajua: aliyepima dawa, aliyekagua breki za basi, aliyechemsha maji, aliyechapa mtihani bila ya kuuuza. Vijana wetu husikia sifa za marubani tangu utotoni, kisha twashangaa kwamba spana imekosa mtu wa kuishika kwa moyo. Taifa halitapata mafundi waaminifu kwa kuwahimiza tu wawe waaminifu. Litawapata likiwatambua kazi ikiwa nzima, likiwasikiliza wanapotaja kasoro, na likigawana nao lawama kama linavyogawana nao faida. Wala tusingoje ndege ianguke ndipo tuulize jina la fundi.